Nguzo ya stima ndani ya ploti yako: mwongozo kamili kwa mwenye ardhi nchini Kenya

Malalamiko haya huja kwa sura mbili. Kuna aliyerudi mashambani Disemba akakuta laini mpya imekatiza katikati ya mahindi yake, na hakuna aliyemuuliza. Kuna mwingine aliyenunua ploti ya 50 kwa 100, akaja kutambua siku ya kuchimba msingi kwamba nyaya zinapita juu ya pale alipopanga chumba cha kulala. Wa kwanza ana dai. Wa pili, mara nyingi, ana gharama tu.

Kinachowatofautisha ni karatasi, yaani nani alikubali nini, lini, na kwa maandishi gani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni karatasi. Mahakama imekaa huko mwisho.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinalinda mali yako. Serikali ikichukua ardhi au haki yoyote juu yake kwa manufaa ya umma, lazima ilipe fidia ya haki, kamili na ya upesi, na wewe uwe na nafasi ya kwenda mahakamani. Hakisemi kwamba unaweza kumzuia kila mtu milele.

Sheria ya Kawi ya 2019, kifungu cha 171, inamtaka yeyote anayetaka kupitisha laini ya umeme kwenye ardhi ya mwingine aombe idhini ya mwenyewe kwanza. Mwenye ardhi naye haruhusiwi kuinyima idhini hiyo bila sababu ya maana. Ikiwa mwenye ardhi hapatikani, kampuni inatakiwa kutoa notisi ya siku 15, kwa njia zinazojumuisha tangazo katika angalau magazeti mawili ya kitaifa na katika redio inayosikika eneo hilo.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inaiita ruhusa hii haki ya njia. Fomu utakayoletewa imeandikwa Kiingereza, na juu yake utaona neno wayleave, basi ujue ndiyo hiyo. Kifungu cha 148 ndicho cha kushika kwa mikono miwili. Kinasema fidia hulipwa kwa matumizi ya ardhi, na juu ya hapo kwa hasara ya miti, mimea na majengo. Anayelipa ni yule aliyeomba kupita, na alipe bila kukawia. Tena anayelipwa si lazima awe mwenye hatimiliki, kwani kifungu kinamtaja anayeikalia ardhi kihalali au anayeikalia kwa kweli. Mwenye mahindi kwenye shamba la kukodi asiambiwe aende zake.

Kuna kifungu kimoja ambacho wanunuzi hawakipendi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inazitaja laini za umeme na nguzo za simu zilizojengwa kwa mamlaka ya sheria kuwa haki zinazoifunga ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye sajili. Cheti chako cha upekuzi (ile search ya sajili ya ardhi) kinaweza kuwa safi kabisa na bado nguzo iwe na haki ya kusimama hapo.

Hatua ya 1: Hakikisha nguzo iko kwako kweli

Nguzo kuwa ndani ya ua wako si ushahidi kwamba iko ndani ya ploti yako. Barabara za ndani za mashamba yaliyogawanywa zina upana wa mita 6, 9 au 12 kwenye ramani, lakini ukifika unakuta njia ya gari moja, kwa sababu kila jirani amesogeza ua kidogo. Kampuni hupenda kupanda nguzo kwenye ardhi ya barabara. Sasa wewe ukiandika barua ya ukali, wakaja na mpimaji, huenda ikaonekana kwamba nguzo iko barabarani na ua wako nao uko barabarani. Hapo utakuwa umejishtaki mwenyewe.

Kwa hiyo chukua ramani ya usajili ya eneo lako, mwite mpimaji mwenye leseni, atafute bikoni zote (alama za mpaka), kisha apime umbali kutoka mpaka hadi nguzo. Mwombe ripoti fupi yenye mchoro na sahihi yake. Utamlipa, ndiyo, lakini ripoti hiyo itakutumikia hadi mwisho.

Tambua pia nguzo ni ya nani. Minara mikubwa ya chuma yenye laini za kilovolti 132 kwenda juu, hasa ile iliyojengwa tangu KETRACO, kampuni ya serikali ya kusafirisha umeme, ianzishwe mwaka 2008, kwa kawaida ni ya KETRACO. Nguzo za mbao na za zege zinazoleta stima mitaani na vijijini kwa kawaida husimamiwa na Kenya Power, hata pale mradi ulipojengwa na REREC, shirika la umeme wa mashambani. Nguzo nyembamba zenye nyaya nyeusi za chini ni za kampuni za intaneti. Zipo pia nguzo za zamani za simu za mezani, ambazo nyaya zake za shaba ziliibwa miaka mingi iliyopita na sasa hazibebi chochote isipokuwa ndege.

Piga picha za nguzo nzima, namba iliyobandikwa, namba ya transfoma iliyo karibu, na waya wa kukaza ule unaoshuka kwa mshazari hadi ardhini. Picha ziwe na tarehe.

Hatua ya 2: Kusanya historia

Fanya upekuzi rasmi, kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni wa serikali, kama eneo lako limeingizwa humo, au kupitia sajili ya ardhi ya kaunti. Unatafuta mambo matatu: jina la mwenye ardhi, tarehe aliyoipata, na kama kuna haki ya njia iliyoandikwa.

Kisha waulize wazee na majirani laini ilikuja lini. Ikiwa ilikuwepo kabla hujanunua, aliyekuuzia au aliyemtangulia huenda alitia sahihi. Idhini ya aina hiyo kwa kawaida hukufunga wewe uliyekuja baadaye.

Usikisie. Iandikie kampuni uombe nakala ya fomu ya idhini ya ploti yako, ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Kwa maoni yangu hii ndiyo barua yenye nguvu kuliko zote, na wengi huiruka. Wakikuletea fomu yenye sahihi, umejua msimamo wako kabla ya kumlipa wakili. Wakishindwa kuileta, jibu lao au kimya chao ni kielelezo chako cha kwanza.

Tazama fomu hiyo kwa jicho kali. Namba ya ploti ni yako? Aliyetia sahihi ndiye aliyekuwa kwenye hatimiliki siku hiyo, au ni shemeji aliyekutwa nyumbani akaambiwa "weka hapa tu, stima inakuja"? Sahihi ya asiye na mamlaka juu ya ardhi haimfungi mwenye ardhi.

Na kama hatimiliki bado iko kwa jina la babu aliyefariki, anzeni mirathi sasa. Fidia ya mimea inaweza kumfikia aliyepanda, lakini fidia ya ardhi yenyewe itakwama hadi pawe na msimamizi wa mirathi aliyeidhinishwa na mahakama. Familia nyingi zimeona laini ikijengwa, ikawashwa, pesa zao zikiwa bado zimelala kwa sababu hii moja.

Hatua ya 3: Ikiwa nguzo bado haijasimama

Hapa ndipo una nguvu zaidi. Nguzo ikishasimama na nyaya zikishavutwa, kila kitu huwa kigumu na ghali.

Watu wa kampuni wakija, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Omba mchoro wa njia ya laini, ujue ni ya volti ngapi, ukanda wake (eneo la chini na kando ya laini lisiloruhusiwa kujengwa) ni mita ngapi, nguzo zitakazoingia kwako ni ngapi, na kazi itaanza lini. Mkandarasi si kampuni: akisema "tutaona hiyo baadaye", mwambie aiandike.

Usiulize nguzo tu, uliza kona. Laini inayokwenda moja kwa moja haihitaji waya wa kukaza kwenye kila nguzo, lakini pale inapokata kona au inapoishia, nguzo hiyo inavutwa upande mmoja na lazima ishikiliwe. Waya huo unaweza kukuharibia nafasi kubwa kuliko nguzo yenyewe, kwa sababu unashuka mita kadhaa mbali nayo. Omba kona iangukie barabarani au kwenye mpaka. Omba laini nzima ifuate mpaka badala ya kukata shamba katikati. Mhandisi akikataa, mwombe sababu kwa maandishi. Mara nyingi, kabla ya nguzo kuchimbiwa, mabadiliko ya mita chache hayamgharimu chochote.

Je, ulipwe? Kwa laini ndogo za kusambaza stima kijijini, fomu huwa inaomba ruhusa ya bure, na wananchi wengi hukubali kwa kuwa transfoma itawanufaisha. Sioni aibu katika hilo. Nguzo moja mpakani kwa stima ya kijiji kizima ni mapatano mazuri. Lakini kutoa ruhusa bure hakumaanishi kusamehe mimea na miti itakayokatwa. Andika kwa mkono kwenye fomu, kabla ya sahihi, jambo kama hili: "Nakubali kwa sharti kwamba laini ifuate mpaka wa mashariki kama mchoro unavyoonyesha, na nilipwe mimea na miti itakayoharibiwa." Piga picha ya fomu nzima kabla haijaondoka mikononi mwako.

Laini kubwa ni hadithi nyingine. Ukanda wa laini ya kilovolti 132 ni kama mita 30, wa 220 ni mita 40, na wa 400 ni mita 60. Piga hesabu: laini ya kilovolti 400 ikikata shamba lako kwa urefu wa mita 200, imekula mita za mraba 12,000, karibu ekari 3. Ardhi inabaki kwa jina lako, na kwa kawaida utaendelea kulima mazao mafupi na kulisha mifugo, lakini hutajenga wala kupanda miti mirefu. Ndiyo maana fidia ya ukanda hukadiriwa kama sehemu ya thamani ya ardhi badala ya thamani yote, ilhali nyumba iliyo ndani ya ukanda hulipwa kama kitu kinachoondoka.

Mlete mthamini wako mwenyewe, aliyesajiliwa na bodi ya wathamini. Usitegemee wa kampuni peke yake. Ahesabu thamani ya ardhi kwa soko la sasa, majengo, mimea na miti. Bei za mimea hutokana na viwango vya ofisi ya kilimo, na za miti na viwango vya Huduma ya Misitu ya Kenya. Hesabu kila mche kabla ya tingatinga kufika, na orodha itiwe sahihi na pande zote mbili. Muembe uliokwisha kung'olewa hauna umri.

Usijidanganye, hata hivyo, kwamba ukikaza sana watakuacha. Mkikosa kuelewana, kampuni inaweza kuomba haki ya njia kupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Lakini ucheleweshaji nao una bei kwao. Laini ya Loiyangalani hadi Suswa, ya kilovolti 400 na urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilichelewa kwa sababu kadhaa, zikiwemo mabishano ya fidia ya ardhi na kufilisika kwa mkandarasi. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017 na ikakaa bila kuunganishwa hadi Septemba 2018. Anayekaa nawe mezani anajua hayo. Kuwa mtu wa kuelewana naye, lakini usiwe wa kuharakishwa.

Jihadhari na madalali wa fidia wanaokuja na ahadi ya "kusukuma faili" kwa asilimia kadhaa. Anayehitaji sahihi yako kwenye hati ya uwakilishi ili pesa zipite kwenye akaunti yake, mpe chai umsindikize.

Hatua ya 4: Nguzo imesimama bila idhini

Usiguse nguzo. Usikate waya wa kukaza, usichimbe shina lake, usifunge wala kufungua chochote. Kuharibu miundombinu ya umeme ni kosa la jinai lenye adhabu nzito, na waya wa kukaza ukilegea nguzo inaweza kuangusha laini juu ya mtu. Nguzo ikiwa imeinama au waya umelala chini, piga simu ya dharura ya Kenya Power, 97771, na mkae mbali.

Baada ya hapo andika barua. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi kwa Kifungu cha 7 cha Katiba, ingawa ujiandae kujibiwa kwa Kiingereza. Iwe fupi:

"Mimi ni mmiliki wa ardhi namba (taja) iliyoko (taja). Mnamo tarehe (taja), au kabla yake, kampuni yenu ilisimamisha nguzo (idadi) na kupitisha nyaya ndani ya ardhi hiyo. Sikuombwa wala sikutoa idhini inayotakiwa na kifungu cha 171 cha Sheria ya Kawi ya 2019. Naomba ndani ya siku 21: (a) nakala ya idhini yoyote mnayoitegemea, (b) mhamishe laini hiyo hadi barabarani kwa gharama yenu, au tukubaliane fidia kwa mujibu wa kifungu cha 148 cha Sheria ya Ardhi, (c) mlipe mimea na miti iliyoharibiwa kulingana na orodha niliyoambatisha. Nimeambatisha nakala ya hatimiliki, cheti cha upekuzi, ripoti ya mpimaji na picha."

Ipeleke ofisi ya kampuni ya eneo lako, ugongewe muhuri kwenye nakala yako, na uitume pia kwa baruapepe. Barua isiyo na muhuri ni kama hukuandika.

Usikawie. Dai la kuingiliwa ardhi lina ukomo wa miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai. Ni kweli kwamba nguzo inayoendelea kusimama inaweza kuhesabiwa kama kosa linaloendelea, na mawakili hujenga hoja hapo, lakini mbona ujiwekee mlima wa kupanda?

Hatua ya 5: EPRA kwanza, mahakama baadaye

Hapa watu hupoteza miaka. Wanakimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kampuni inaleta pingamizi kwamba malalamiko haya yana mahali pake pa kuanzia, na kesi inatupwa bila hata nguzo kujadiliwa. Malalamiko kuhusu haki za njia za umeme yamewekwa chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Masharti yake ni uwe umelalamika kwa kampuni kwanza, na ndiyo maana ile barua yenye muhuri ni muhimu.

Jaza fomu ya malalamiko ya EPRA, ambatisha kila kitu kwa mpangilio wa tarehe, na useme waziwazi unachotaka: kuhamishwa, kulipwa, au vyote viwili. Usiporidhika na uamuzi, una siku 30 za kukata rufaa kwenye Jopo la Kawi na Petroli, na kutoka hapo Mahakama Kuu.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi bado ina nafasi yake, kwa mfano pale swali hasa ni nani mwenye ardhi, au haki ya kikatiba imevunjwa kwa namna ambayo EPRA haiwezi kuitibu. Hilo ni la wakili kulipima kabla ya kulipia kesi. Ukifika huko na ukathibitisha kwamba waliingia bila idhini, huhitaji kuonyesha hasara ndipo ulipwe kitu, kwa kuwa kuingia kwenyewe ni kosa. Lakini kiasi cha fidia kinategemea ushahidi. Mwenye ripoti ya mthamini na mwenye hasira tupu hawapati hukumu moja.

Kuhamisha nguzo iliyowekwa kihalali

Huyu ndiye yule wa ploti ya 50 kwa 100. Laini ina idhini ya zamani, yeye anataka kujenga. Njia ni kuomba Kenya Power ihamishe laini: unaandika barua ukiambatisha hatimiliki, kitambulisho na ramani, fundi wao anakuja kupima, unapewa makadirio ya gharama, unalipa, unangoja.

Kinachokwamisha watu hapa, mara nyingi, ni jirani. Laini ikitoka kwako lazima ipite mahali pengine, na kama hapo ni kwa jirani, idhini yake ya maandishi inahitajika. Zungumza naye kabla ya kuomba makadirio. Kama kuna majirani kadhaa wanaosumbuliwa na laini hiyo hiyo, ombeni pamoja mgawane gharama.

Usianze kujenga chini ya nyaya ukitumaini zitahamishwa baadaye. Nondo ndefu inayoinuliwa karibu sana na laini ya kilovolti 11 inaweza kuua hata bila kuugusa waya, na nyumba iliyo ndani ya ukanda inaweza kubomolewa bila fidia.

Kuhusu miti, kampuni ina haki ya kutaka matawi yanayokaribia laini yapunguzwe. Haina haki ya kugeuza ziara hiyo kuwa biashara ya mbao. Kuwepo siku hiyo, na magogo yabaki shambani mwako.

Nguzo za intaneti

Kampuni ya intaneti inayotaka kupanda nguzo yake kwenye ploti yako izungumze nawe kama mpangaji yeyote: mkataba, muda, kodi ya mwaka, na nani ataiondoa mkataba ukiisha. Tofauti na umeme, ambapo kwa kawaida fidia hulipwa mara moja, hapa kodi ya kila mwaka ni jambo la kawaida kuomba, kama wafanyavyo wenye paa zilizobeba minara ya simu.

Nyaya za intaneti zinazoning'inia kwenye nguzo za Kenya Power ni suala tofauti. Kenya Power hukodisha nguzo zake kwa kampuni hizo na kupata mapato. Soma idhini yako ya awali: kama inataja laini ya umeme tu, una haki ya kuuliza kwa maandishi ni kwa ruhusa gani kampuni ya tatu inaingia kwako kufunga na kukarabati nyaya zake. Wengine waning'inizaji hawana mkataba hata na Kenya Power, na swali lako peke yake linaweza kuwaondoa.

Ukiuza ardhi wakati dai la fidia bado halijalipwa, taja kwenye mkataba wa mauzo dai hilo linabaki kwa nani, na mkabidhi mnunuzi nakala za idhini na michoro yote. Bila kifungu hicho, wewe na yeye mtajikuta mnadai pesa zile zile kwenye ofisi moja, na ofisi itafurahi kuwangoja mmalizane.